Biblia za Picha za Zama za Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wakikutana mtandaoni na kurasa za vitabu hivi hudhani ni mapambo tu, dhahabu na buluu iliyomwagwa kumfurahisha tajiri. Wengine wamefundishwa kinyume chake: kwamba vilikuwa vitabu vya wasiojua kusoma, waliovifunua wenyewe wakaijua Biblia bila mwalimu. Mawazo hayo yote mawili yanapotosha. Majibu yaliyo hapa chini yamekusudiwa makatekista, walimu wa shule ya Jumapili, wanafunzi wa historia ya Kanisa na kila anayejiuliza picha hizi zilifundisha vipi. Jibu langu kwa ufupi ni hili: zilifundisha zikiwa mkononi mwa mtu aliyezijua.

Ni vitabu gani hasa vinavyozungumziwa?

Ni vitabu vilivyoandikwa kwa mkono barani Ulaya, hasa kati ya karne ya 11 na ya 15, ambamo picha ndiyo inayobeba somo na maandishi yanaifuata. Tutakaa zaidi na Biblia pauperum, yaani Biblia ya Maskini, iliyochipuka katika monasteri za Bavaria na Austria. Tutagusa pia Speculum humanae salvationis, yaani Kioo cha Wokovu wa Binadamu, Biblia za kifalme za Ufaransa ziitwazo Bible moralisée, na magombo ya Pasaka ya kusini mwa Italia. Vitabu vya Zaburi na vya sala za saa navyo vina picha za ajabu, lakini hivyo vilikuwa vya kusalia na vinastahili maelezo yao peke yao.

Nani aliyesema kwamba picha inaweza kufundisha imani?

Jina linalotajwa kila mara ni la Papa Gregori Mkuu. Mwaka 599, na tena mwaka 600, alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille, ambaye alikuwa amezivunja picha za kanisani kwa sababu waumini waliziabudu. Gregori alimsifu kwa kuikataza ibada hiyo, akamkemea kwa kuvunja. Hoja yake ilikuwa kwamba asiyejua herufi akiitazama picha hupata kile ambacho msomaji hukipata kitabuni. Kwa zaidi ya miaka elfu moja, waliotetea picha makanisani waliiegemea barua hiyo.

Lakini ni vizuri kuisoma hadi mwisho. Gregori alikuwa akizungumzia picha za kanisani, hakuwa na habari ya vitabu. Na katika barua ya pili alimwagiza Serenus awakusanye watu wake na kuwaeleza, kwa ushahidi wa Maandiko, picha ni za nini. Yaani picha ibaki, na mtu wa kuieleza awepo. Asiyewahi kusimuliwa habari za Ibrahimu, ukimwonyesha mzee aliyeinua kisu juu ya mtoto aliyefungwa kamba, atashtuka tu na kugeuza uso. Picha humkumbusha aliyekwisha kusikia, na humchochea aulize yule ambaye bado.

Ukurasa wa Biblia pauperum unasomwaje?

Kila kundi la picha lina tukio moja la Agano Jipya katikati na matukio mawili ya Agano la Kale ubavuni, moja kila upande. Juu na chini yake wapo manabii wanne, kila mmoja ameshika gombo lenye maneno yake. Pembeni huandikwa maelezo mafupi ya visa viwili vya kale, pamoja na mistari ya mashairi ya Kilatini yenye vina inayofunga maana.

Tuchukue ukurasa wa maziko ya Yesu. Katikati, mwili wake unalazwa kaburini. Upande mmoja ndugu zake Yusufu wanamshusha kisimani, na upande wa pili mabaharia wanamtupa Yona, naye samaki amekwisha kufumbua kinywa. Watatu hao wanashuka chini kwa namna moja, miili imeinama, mikono ya wengine imewashika. Mchoraji amewapanga makusudi ili jicho lione kufanana kabla ya akili kuambiwa. Miongoni mwa manabii yupo Sulemani, na gombo lake lina maneno ya Wimbo Ulio Bora 5:2 kuhusu yule aliyelala huku moyo wake u macho. Maiti iko kaburini, na pembeni yake kuna sauti inayosema moyo haujalala. Mhubiri aliyepewa ukurasa huo Ijumaa Kuu alikuwa na mahubiri kamili mbele yake.

Baada ya hapo unakuja ukurasa wa kushuka kuzimu, Daudi akimmaliza Goliathi na Samsoni akimrarua simba. Kisha unakuja ufufuko, na hapo Yona anarudi, safari hii akitoka kinywani mwa samaki, na upande wa pili Samsoni amebeba malango ya mji wa Gaza begani. Mwalimu aliyekuwa na kurasa hizo tatu aliweza kumwacha Yona tumboni mwa samaki na kumrudia baadaye, wanafunzi wakimngojea.

Mpangilio huu una theolojia yake. Wataalamu wa Zama za Kati waliigawa historia katika vipindi vitatu: kabla ya Sheria, chini ya Sheria na chini ya neema. Yusufu aliishi kabla ya Musa, Yona aliishi baada yake, na Yesu analeta neema. Kwa hiyo ukurasa mmoja wa maziko umeshika historia nzima ya wokovu. Si kila ukurasa unaofuata mgawanyo huo barabara, ila wazo lenyewe linaonekana kote.

Jozi nyingine ni hizi: malaika anapompasha Maria habari, ubavuni yupo Hawa na nyoka, na Gideoni na ngozi yake ya kondoo iliyolowa umande. Ubatizo wa Yesu unaandamana na kuvuka Bahari ya Shamu na wapelelezi waliobeba kichala cha zabibu kwa mti. Msalaba una Isaka na nyoka wa shaba. Ubavu unapochomwa mkuki, tunaona Hawa akitolewa ubavuni mwa Adamu, na Musa akiupiga mwamba ukatoka maji.

Jozi hizo walizitunga wao?

Hapana. Mzizi wake uko ndani ya Injili. Katika Mathayo 12:40 Yesu mwenyewe anaufananisha muda wake kaburini na siku za Yona, na katika Yohana 3:14 anajifananisha na nyoka aliyeinuliwa na Musa jangwani. Paulo anamwita Adamu mfano wa yule atakayekuja. Mababa wa Kanisa waliupanua uzi huo, na wachoraji wakaupokea mapema sana. Beda, mwanahistoria Mwingereza, anasimulia kwamba abati Benedict Biscop alileta kutoka Roma picha za kanisa la Jarrow zilizounganisha maagano mawili: Isaka akibeba kuni kando ya Kristo akibeba msalaba, na nyoka wa shaba kando ya Mwana wa Adamu msalabani. Hiyo ni miaka ya 680, karibu miaka 600 kabla ya Biblia pauperum.

Kiungo kingine kikubwa ni altare ya Klosterneuburg, karibu na Vienna, iliyokamilishwa mwaka 1181 na fundi Nicholas wa Verdun. Vibao vyake vya shaba iliyotiwa rangi kwa moto vimepangwa kwa safu tatu za vipindi vile vile vitatu. Katika kibao cha malkia wa Sheba akimtembelea Sulemani, malkia ni mwanamke mweusi. Malkia huyo huyo ndiye ambaye Biblia pauperum humweka kando ya Mamajusi, kwa kuwa wote walitoka mbali na zawadi mikononi. Anayefundisha watoto wa Kiafrika na aujue ukurasa huo.

Je, kweli ilikuwa Biblia ya maskini?

Jina la Kilatini linasema hivyo, lakini ni jina lililobandikwa baadaye. Miswada mingi haina kabisa. Na ukivitazama vitabu vyenyewe, maskini wa kijijini hakuwa na nafasi ya kuvimiliki wala kuvisoma. Maandishi yake ni Kilatini kilichokatwakatwa kwa vifupisho, hata kama baadaye vilitokea vya Kijerumani na vya lugha mbili. Kuna mswada wa Uholanzi wa mwanzoni mwa karne ya 15, uliomo leo katika Maktaba ya Uingereza kwa namba Kings MS 5, wenye dhahabu kila ukurasa. Hicho kilikuwa kitabu cha jumba la watawala.

Miswada ya awali kabisa, kama ule wa monasteri ya Mtakatifu Florian huko Austria wa mnamo 1310, ina sura nyingine. Michoro yake ni ya wino na rangi hafifu, kurasa ni kubwa, na makundi mawili yamewekwa ukurasa mmoja, hivyo kitabu kikiwa wazi unaona manne kwa pamoja. Hicho naona ni kitabu cha kazi. Kilimfaa mmonaki anayewafundisha wanovisi, au padre anayeandaa mahubiri ya Kwaresima. Miswada iliyosalia hadi leo ni kama 80, na mingi ilitoka katika monasteri na nyumba za makanoni, yaani mapadre walioishi pamoja kwa kanuni moja. Kama kuna maskini aliyekusudiwa, yaelekea ni padre asiyeweza kununua Biblia nzima pamoja na vitabu vya ufafanuzi wake.

Kwa nini vitabu hivi vilishamiri baada ya mwaka 1200?

Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliagiza kila Mkristo aliyefikia umri wa kujua mema na mabaya aungame walau mara moja kwa mwaka. Hilo lilidai waumini wanaojua dhambi ni nini, na mapadre wanaoweza kuwauliza. Wadominikani waliidhinishwa mwaka 1216, na pamoja na Wafransisko wakaenda mijini kuhubiri. Mwaka 1281 maaskofu wa Uingereza, katika mtaguso wa Lambeth, waliwaagiza mapadre wawafundishe watu, mara nne kwa mwaka na kwa lugha yao wenyewe, kanuni ya imani, amri kumi, matendo ya huruma, fadhila saba, vilema saba (yaani dhambi kuu) na sakramenti saba. Mahitaji hayo ndiyo yaliyozaa michoro ya miti ya fadhila, mnara wa hekima wenye matofali ya maadili, na malaika mwenye mabawa sita ambaye kila unyoya wake una somo. Michoro hiyo ilikuwa ya kukaririsha, nayo ilifanya kazi hiyo vizuri mno.

Kioo cha Wokovu kinatofautianaje na Biblia pauperum?

Speculum humanae salvationis kiliandikwa mwanzoni mwa karne ya 14; miswada miwili inautaja mwaka 1324. Mwandishi wake anasema amelificha jina lake kwa unyenyekevu. Kikamilifu kina sura 45 na picha 192. Katika sura za kawaida, kitabu kikifunguliwa unaona safu nne za maandishi ya vina, kila safu ina mistari 25 na picha juu yake. Picha ya kwanza ni tukio la Kristo au la Maria, tatu zinazofuata ni vivuli vyake, yaani visa vya kale vinavyolifananisha.

Vivuli hivyo havitoki katika Biblia tu. Kuna mfalme Kodro wa Athene aliyejitoa afe ili kuokoa mji wake. Kuna ndoto ya mfalme Astiage aliyeona mzabibu ukiota kutoka kwa binti yake, inayowekwa kando ya habari za kuzaliwa kwa Maria. Na kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote: Sulemani alikifungia kifaranga cha mbuni ndani ya chombo cha kioo. Mama yake akaenda jangwani, akaleta mdudu, akakipaka kioo damu yake, nacho kikapasuka na kifaranga kikatoka. Ndivyo, kitabu kinafundisha, damu ya Kristo ilivyopasua kuzimu na kuwatoa waliofungwa humo. Kisa hicho hakimo katika Biblia. Mwalimu wa leo anaweza kukikataa kwa sababu hiyo, lakini mtoto aliyekisikia mara moja hatakisahau.

Utangulizi wa kitabu unasema wazi kwamba waliosoma wanaweza kujifunza katika Maandiko, na wasiosoma wafundishwe kwa vitabu vya walei, yaani picha. Kisha unaongeza jambo lenye ukarimu mkubwa: muhtasari wa sura zote umewekwa mwanzoni kwa ajili ya wahubiri maskini, ili asiyeweza kununua kitabu kizima anakili muhtasari huo tu na kuhubiri kwa huo. Hapa maskini anatajwa kwa kazi yake, na kazi yake ni mhubiri. Miswada zaidi ya 350 imesalia, na kitabu kilitafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza na Kicheki.

Kuna picha za vitabuni zilizoonyeshwa kweli mbele ya umati kanisani?

Zipo, na wanaosali katika makanisa ya Kikatoliki wataitambua mara moja nafasi yake. Usiku wa mkesha wa Pasaka shemasi huimba Mbiu ya Pasaka kando ya mshumaa mkubwa. Kusini mwa Italia, katika miji kama Bari na Benevento na katika abasia ya Montecassino, kuanzia karne ya 10 hadi ya 13 mbiu hiyo iliandikwa juu ya gombo refu la vipande vya ngozi vilivyoshonwa pamoja. Shemasi alisimama juu ya mimbari, na kadiri alivyoimba ndivyo alivyoliachia gombo lining'inie upande wa watu.

Katika magombo mengi picha zimechorwa kichwa chini zikilinganishwa na maandishi. Shemasi akisoma, kwake zimepinduka, lakini gombo likining'inia waumini huziona zimesimama sawasawa. Watu waliona Kanisa kama mama aliyeketi, nchi inayofurahi kama mwanamke, Waisraeli wakivuka bahari, Kristo akivunja milango ya kuzimu. Waliona pia nyuki wakizunguka maua, kwa kuwa wimbo wenyewe unawasifu nyuki waliotoa nta ya mshumaa.

Ni kweli kwamba upana wa gombo si mkubwa na kanisa lilikuwa gizani, kwa hiyo walioona vizuri ni wale waliosimama chini ya mimbari. Hata hivyo, fundi aliyezigeuza picha makusudi alikuwa akiwafikiria watazamaji, wala hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba mtu alitaka neno na picha vifike pamoja. Magombo kama 30 yamesalia.

Na vile vya wafalme na matajiri?

Bible moralisée zilitengenezwa Paris kuanzia miaka ya 1220 kwa ajili ya familia ya kifalme. Ukurasa una duara nane katika safu mbili: duara moja linaonyesha tukio la Biblia, na lililo chini yake linaonyesha somo lake kwa watu wa wakati ule, wakiwamo mapadre wavivu, wanafunzi wabishi na wafalme wenye tamaa. Mojawapo, yenye mabuku matatu, imo katika kanisa kuu la Toledo. Kurasa zake za mwisho zimo Morgan Library, New York, na moja inamwonyesha malkia, ambaye kwa kawaida hutambuliwa kuwa Blanche wa Castile, akiwa na mfalme kijana, Louis IX. Chini yao ameketi mtawa anayemwelekeza mchoraji nini cha kuchora.

Kuna jambo kama hilo katika kitabu cha picha kiitwacho Holkham, kilichochorwa Uingereza mnamo 1327 hadi 1335. Mwanzoni kabisa Mdominikani anamwambia mchoraji afanye kazi yake vizuri, kwa kuwa kitabu kitaonyeshwa kwa matajiri. Ninaamini neno muhimu hapo ni kuonyeshwa. Hata tajiri hakuachwa peke yake na picha. Palikuwa na mtu wa kumwonyesha. Naye Laurent, Mdominikani aliyekuwa muungamishi wa mfalme Philip III wa Ufaransa, alimwandikia mfalme wake kitabu cha fadhila na vilema mwaka 1279, Somme le roi, ambacho nacho kilipewa picha za kila somo.

Picha hizi zina chuki dhidi ya Wayahudi?

Baadhi zinayo, na mwalimu lazima ajue kabla ya kuzionyesha. Bible moralisée huwachora Wayahudi wakiwa na kofia zilizochongoka na mifuko ya fedha, na huwaweka upande wa wazushi na wa shetani, mara nyingi mno kiasi kwamba huwezi kusema ni bahati mbaya. Hayo hayakubaki kwenye ngozi. Mwaka 1242, chini ya mfalme yule yule Louis IX, mikokoteni ya nakala za Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, ilichomwa moto hadharani Paris. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na Ufaransa mwaka 1306. Hata jozi za Biblia pauperum, zilizo pole zaidi, zinaweza kumfanya mtu adhani Agano la Kale halina thamani yake lenyewe. Nashauri kurasa za chuki zifundishwe darasani kwa watu wazima, pamoja na historia hiyo, wala zisiwekwe ukutani kama pambo.

Mbona wanajeshi wa Kirumi wamevaa kama mashujaa wa Ulaya?

Kwa sababu mchoraji alichora watu aliowaona. Goliathi ana vazi la chuma, Herode ana taji la mfalme wa Kijerumani, na Yerusalemu ina mapaa ya Bavaria. Walichoheshimu ni alama: Kristo hutambulikana kwa duara la nuru lenye msalaba ndani yake, manabii kwa magombo yao, Petro kwa funguo.

Vilitengenezwaje, na rangi zilitoka wapi?

Kurasa ni ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi. Ngozi ililowekwa katika maji ya chokaa, ikatolewa manyoya, ikawambwa kwenye fremu na kukwanguliwa kwa kisu cha mviringo huku ikikauka. Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini. Wino mweusi ulitokana na vivimbe vya mti wa mwaloni vilivyochanganywa na chumvi ya chuma. Mwandishi alitangulia, akimwachia mchoraji nafasi tupu. Ndiyo sababu baadhi ya miswada ina maandishi kamili na picha ambazo hazikuwahi kuchorwa.

Dhahabu ilifuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi yoyote, ikabandikwa juu ya tabaka la gundi na chokaa, kisha ikasuguliwa kwa jino la mnyama hadi ing'ae. Nyekundu kali ilitengenezwa kwa zebaki na salfa. Buluu ya thamani kuliko zote ilisagwa kutokana na jiwe la lapisi lazuli, lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan ya leo, likapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi hadi Ulaya.

Tusidhani wachoraji walikuwa wanaume tu. Mwaka 2019 watafiti walichapisha habari za mwanamke aliyezikwa katika nyumba ya watawa ya Dalheim, Ujerumani, kati ya karne ya 10 na ya 12. Katika ukoga uliogandamana kwenye meno yake walikuta chembe za jiwe hilo la buluu. Maelezo waliyoyaona kuwa ya karibu zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji wa vitabu, akiilamba ncha ya brashi yake anapofanya kazi. Jina lake halijulikani, lakini kazi yake imemfuata hadi kaburini.

Afrika haikuwa na vitabu vya namna hii?

Ilikuwa navyo, tena mapema. Katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, Ethiopia, zimehifadhiwa Injili za lugha ya Kige'ez zenye picha za wainjili. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa Oxford viliweka umri wa ngozi zake kati ya mwaka 330 na 660 hivi. Ni miongoni mwa vitabu vya kale zaidi vya Injili vyenye picha vilivyosalia duniani. Karne nyingi baadaye mfalme Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468, aliagiza kitabu cha Miujiza ya Maria kisomwe makanisani, na nakala zake nyingi zikapambwa kwa picha. Vitabu vya Ethiopia havikutokana na Biblia pauperum. Vina njia zao, na mtu anayevitazama akitafuta Ulaya ndani yake hatavielewa.

Mashine ya kuchapa ilivimaliza?

Kwanza ilivieneza. Katika miaka ya 1460 mafundi wa nchi za chini, Uholanzi na jirani zake, walichonga kila ukurasa wa Biblia pauperum kwenye kibao kimoja, picha na maneno pamoja, wakapaka wino na kusugulia karatasi juu yake. Toleo hilo lina kurasa 40. Wakati huo huo, mnamo 1462, Albrecht Pfister wa Bamberg alichapa Biblia pauperum kwa herufi za kupangwa pamoja na picha za mbao, kwa Kijerumani na kwa Kilatini. Bei ilishuka, na ndipo kitabu kilipomsogelea mtu wa kawaida wa mjini. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, katekisimu ya maswali na majibu ndiyo iliyoshika nafasi ya mbele, ingawa picha hazikukoma. Katekisimu nazo zilichapwa zikiwa na picha.

Naweza kuviona wapi bila kusafiri?

Maktaba ya Vatikani imeweka mtandaoni, bila malipo, Biblia pauperum yenye namba Pal. lat. 871. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg ina ya Kijerumani, Cod. Pal. germ. 148. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa huweka miswada yake kwenye tovuti yake ya Gallica, na Uswisi ina tovuti ya e-codices. Maktaba ya Uingereza ilipata shambulio la mtandao Oktoba 2023 na miswada yake imekuwa ikirudishwa kwa awamu, kwa hiyo usishangae ukikosa kitu. Kwa Ethiopia, anza na maktaba ya Hill huko Collegeville, Minnesota, yenye hazina kubwa ya nakala za filamu. Ukifungua kwa simu, tafuta sehemu ya kupakua ukurasa mmoja mmoja; vitabu vizima ni vizito mno kwa bando.

Inawezekana kufundishia picha hizi katekesi leo?

Inawezekana, na si lazima ujue Kilatini. Anza na ukurasa wa maziko au wa ufufuko, kwa kuwa Yona na Samsoni wanajulikana hata kwa watoto wadogo. Chapa kwa karatasi kubwa, funika tukio la katikati, waache wanafunzi waseme wanaona nini kushoto na kulia na watu hao wanafanana wapi. Wape muda wa kutosha kabla ya kufunua. Kisha wasomee Mathayo 12 ili wasikie kwamba kulinganisha huko Yesu alikuanza mwenyewe. Kwa wakubwa, wape jozi bila majina na uwaulize wangechagua nabii gani na mstari gani. Majibu yao mara nyingi huwa mazuri kuliko ya mswada.

Epuka kuanza na Bible moralisée, duara zake ni ndogo na masomo yake yanahitaji maelezo marefu. Na kabla ya kuchapa nakala za kugawa parokiani, soma masharti ya maktaba husika: baadhi huruhusu matumizi yoyote, nyingine huruhusu ya elimu tu na hutaka namba ya mswada iandikwe chini ya picha.